Pindo

Kabla ya mlango wa Daktari Cieślak kuna benchi,
na juu ya benchi nipo mimi
na kalamu ya risasi iliyotafunwa kichwa.
Kazi yangu haina jina zuri kwenye kitambulisho.
Nakaa na wagonjwa nusu saa
tukitafuta maneno kabla hawajaingia.

Łódź, ghorofa ya nne, Februari,
theluji imekuwa tope barabarani.
Bi Genowefa amekuja na kofia yake ya sufu
na saratani ya utumbo iliyokwisha kupanda ini.
Faili lake linasema: mgonjwa anakubali.
Ukurasa baada ya ukurasa, anakubali.

Namuuliza, daktari alikwambia nini mara ya mwisho?
Anatabasamu. Ndiyo.
Namuuliza, una watoto wangapi?
Ndiyo.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha nguo,
mitambo mia nne ikinguruma ukumbi mmoja,
masikio yakastaafu kabla yake.
Wafumaji walisomana midomo kutoka mbali,
umbeya, mapenzi, bei ya nyama, vyote bila sauti.
Na daktari, mtu mwema, huzungumza na kompyuta;
Bi Genowefa hupewa sikio na nusu ya shavu.

Basi tukaanza upya, uso kwa uso,
nikaandika alivyosema, kama alivyosema:

Dawa hii ya tatu imeniibia vidole.
Siwezi kutunga uzi kwenye sindano.
Vikombe vinanidondoka.
Wakiniongezea miezi, wananiongezea ya namna gani?
Nataka Septemba. Plamu za dada yangu,
sufuria ya shaba, siku tatu za kukoroga,
mwiko mkononi mwangu mwenyewe.
Sitaki mpira kooni.
(Hili alilirudia. Nikalipigia mstari.)

Mlangoni nilimwambia daktari neno moja:
Mgeukie.

Akageuka. Akasukuma kiti mbali na kompyuta.
Akasoma karatasi, akaisoma tena,
halafu akauliza, midomo polepole,
Unaogopa nini zaidi?

Sijawahi kusikia kimya kirefu vile
katika chumba kinachobadilisha mtu kila dakika kumi na mbili.
Alijibu. Alichojibu si changu kukiandika.
Kisha akauliza yeye: Septemba nitaifikia?
Daktari akavua miwani.
Sijui, akasema. Natamani. Kwa dawa hii sidhani,
na bila dawa sina hakika.
Maumivu na vidole, hivyo naweza kuvishughulikia.

Waliacha dawa. Au tuseme aliacha yeye;
safari hii neno anakubali lilikuwa lake.

Usiku ule mwanawe alinipigia kutoka Dortmund.
Nani kakupa ruhusa ya kumfundisha mama kukata tamaa?
Sikuwa na jibu. Hata leo ninalo nusu tu.
Nilimweleza mama mtu, kwa midomo.
Akacheka, akachukua simu,
akapaza sauti kama yuko kiwandani:
Radek, mfumaji hakati tamaa!
Uzi ukielekea kwisha anakunja pindo,
kitambaa kisiwafumukie wanaobaki nacho.

Septemba haikungoja, au yeye hakuingoja.
Ilikuwa Agosti, tarehe ishirini na sita,
plamu bado kijani upande mmoja.
Dada yake alizichuma hivyo hivyo,
akazipika na sukari kupita kiasi,
mlango wa jikoni wazi, harufu ikimfikia kitandani.
Mwiko, nasikia, alipewa aulambe.
Alisema: bado haijaiva, koroga.

Chupa moja imo kwenye droo yangu. Ina uchachu.

Leo benchi lina mtu, dereva wa tramu, mapafu.
Amevaa kanzidamu ya kazini, vifungo vyote vimefungwa.
Anasema yeye hana swali lolote.
Nachonga kalamu.